Muuguzi anayeruhusiwa kuandika morfini

Mgonjwa wa saratani akirudishwa nyumbani, ndugu husema hospitali imeshindwa. Kuponya imeshindwa, ndiyo. Maumivu ni jambo jingine, na hayo yanatulizika.

Uganda waliliona hilo mapema. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akaleta morfini ya maji, ya kunywa. Dawa ikawepo, lakini madaktari wa kuiandika hawakutosha. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe.

Muuguzi huyo humwona mgonjwa kliniki au humfuata nyumbani. Humwambia aonyeshe kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kisha humfundisha anayeuguza. Dozi ni kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Ya kulalia huwa maradufu, ili usiku asiamshwe kunywa dawa. Na dawa ya kulainisha choo isikosekane, maana morfini hufunga choo. (Familia nyingi huona aibu kulitaja hili. Litajeni.)

Wapo wanaoficha chupa wakihofia mgonjwa atakuwa teja. Mama analia usiku kucha, chupa iko kabatini! Ikitolewa kwa kipimo cha kutuliza maumivu, uraibu hutokea kwa nadra. Muuguzi hulieleza hilo kwa ukoo mzima, tena na tena.

Kabla hajaaga, aliye mzuri humgeukia na anayeuguza: wewe je, umelala?