Gari la gesi Busia na Malaba: hesabu ianze na pampu

Malori ya gesi yatokayo Mombasa hupitia Malaba na Busia yakielekea Uganda, yakipanga foleni na matrela ya saruji na makontena. Ndiyo maana madereva wa Probox wa huku huniuliza: ikiwa gesi inapita mlangoni petu, mbona tusiitumie kwenye magari? Injini ya petroli itaikubali gesi bila taabu kubwa. Kinachoamua faida ni umbali kutoka unakofanyia kazi hadi pampu ya gesi ya magari, na vituo vya aina hiyo nchini Kenya vimejaa zaidi Nairobi. Anayefunga mtambo wa gesi garini kabla ya kuujua umbali huo anatupa pesa zake.

Lita moja ya gesi ina nguvu pungufu kuliko lita ya petroli, kwa hiyo gari hula gesi zaidi kwa asilimia 20 au 25. Probox inayokwenda kilomita 14 kwa lita ya petroli itakwenda kilomita 11 hivi kwa lita ya gesi. Bei ya gesi kwa lita ikikaribia asilimia 80 ya bei ya petroli, hutaona faida yoyote, na gharama ya mtambo itakuwa hasara tupu.

Lakini watu wengi hapa mpakani wanaijua gesi kwa kilo, maana wanainunua kwa ajili ya jikoni. Mtungi wa kilo 13 unafanya kazi sawa na lita 18 hivi za petroli. Basi gawa bei ya mtungi kwa 18. Ukiuziwa kwa Sh3,200, ni kama umenunua petroli kwa Sh178 kwa lita. Kisha tazama bei ya petroli ambayo EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi kwa mji wako. Mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo mno. Ushuru wa VAT kwenye gesi uliondolewa Julai 2023, wakati uleule VAT ya petroli ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na hapo ndipo wengi walipoanza kuitamani gesi. Hata hivyo, gharama ya mtungi, usafirishaji na faida ya muuzaji wa rejareja vyote vimo ndani ya bei unayolipa dukani. Pampu ya magari haina mzigo huo wote, na nafuu ya kweli hupatikana hapo.

Sasa umbali. Tangi la lita 50 hujazwa lita 40 tu, nazo zitakupeleka kilomita 440 hivi. Kutoka Busia hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 100. Kama pampu uliyoipata iko Kisumu, kwenda na kurudi kutakula karibu nusu ya tangi. Anayepeleka abiria au mizigo Kisumu kila siku atanufaika. Anayezunguka kati ya Busia, Bumala na Malaba hatanufaika, na fundi anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Gari lenyewe huendeshwa kama kawaida. Huwaka kwa petroli, kisha maji ya rejeta yakipata joto, linahamia kwenye gesi lenyewe. Joto hilo linahitajika ili rigyuleta igeuze gesi ya maji kuwa hewa. Rejeta ikipungukiwa na maji, gari litaanza kusitasita. Usiache tangi la petroli likauke, kwa sababu pampu iliyomo ndani yake hupozwa na petroli hiyohiyo. Plagi zilizochoka, ambazo kwa petroli zingevumilia kidogo, kwa gesi zitaanza kukosa moto. Valvu nazo zinataka kupimwa, kwani katika baadhi ya injini za Kijapani viti vya valvu huliwa polepole gesi inapotumika muda mrefu. Faida moja naithamini sana: gesi haichanganyiki na mafuta ya taa. Uchakachuaji ulitusumbua hadi serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Linalonitia hofu ni dereva asiye na pampu karibu anayeamua kuupindua mtungi wa jikoni na kuhamishia gesi kwenye tangi la gari kwa mpira, au kuufunga mtungi wenyewe kwenye buti. Gesi ya maji hutanuka inapopata joto, na ndiyo sababu tangi la gari lina valvu inayozuia kujaza kupita asilimia 80. Tangi lililojazwa pomoni bila valvu hiyo, gari likaachwa juani kwenye foleni ya mpakani mchana kutwa, halina nafasi ya gesi kutanukia. Shinikizo hupanda haraka mno. Valvu ya usalama ikifunguka, gesi itamwagika palepale penye jiko la mama lishe au sigara ya mtu. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa: haipai, hutambaa chini, ikajikusanya mtaroni au kwenye shimo la gereji. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka kutoka kwenye lori, watu wakafa, mamia wakajeruhiwa na nyumba zikateketea.

Kwa hiyo ukienda kufungiwa mtambo, muulize fundi akuonyeshe ile valvu ya asilimia 80 kwa kidole, na bamba la tangi lenye mwaka wa kutengenezwa. Kama hawezi, ondoka na gari lako. Akimaliza kazi, mwagieni povu la sabuni kila kiungo huku mtambo ukiwa na gesi. Palipo na mapovu yanayokua, pamevuja. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka na bima ya kadi ya njano ya COMESA, kwa kuwa mtambo ambao haujatajwa kwenye fomu unaweza kuipa sababu ya kukataa kulipa ajali itakapotokea ng'ambo ya mpaka.