Fahamu: Jiwe jeupe laini ulilookota lina thamani gani?

Anza na ukucha. Ugumu wake ni kama 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo hukwangua taliki (1), inayoteleza vidoleni kama sabuni, na jasi (2). Ukucha ukishindwa, dondoshea siki: kalisaiti, yenye ugumu wa 3, hutoa mapovu, hasa ikisagwa.

La kuvutia zaidi ni sepiolaiti. Ina vinyweleo vingi, na bonge lake likikauka huweza kuelea majini. Imechimbwa Sinya, wilayani Longido, jirani na Amboseli. Kule Eskişehir, Uturuki, mafundi huichonga viko vya tumbaku. Mchongaji hulipia bonge kubwa, jeupe, lisilo na nyufa. Vipande vidogo thamani yake hushuka sana.

Jasi, kama ile ya Makanya wilayani Same, huuzwa kwa tani kwenye viwanda vya saruji, kwa hiyo kipande kimoja mkononi hakina bei ya maana. Dalali akikutajia mamilioni, au akikudharau, usikubali lolote kabla ya kupeleka sampuli kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma.