Mwambao wa Mahagi: Kupanga Safari ya Ziwani kwa Kimo na kwa Pepo

Wapangao safari aghalabu huanza kwa kuuliza masafa, kana kwamba kilomita pekee ndizo zimchoshazo msafiri. Nami, niliyewafundisha vijana wa mkoa wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jiografia ya nchi yao kwa miaka mingi, nasadiki kwamba kwa mtu atokaye Mahagi kwenda kwenye mwambao wa Ziwa Albert swali la kwanza halina budi kuwa la kimo. Kutoka mji wa Mahagi hadi Mahagi-Port, lau njia ingenyooka kama arukavyo ndege, zisingetimia kilomita 40. Walakini mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa yako kwenye mita 619 hivi, hata msafiri huteremka, katika mwendo wa saa chache tu, takriban mita 1,000, na katika kuteremka huko hewa hubadilika, na miti, na vyakula, na maradhi pia. Yote nitakayoyaeleza juu ya majira, mavazi, mitumbwi na dawa chanzo chake ni mteremko huo mmoja.

Nchini Italia, kusini mwa Napoli, uko mwambao wa Amalfi, ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na ambako milima imesimama wima juu ya bahari, miji imeng'ang'ania majabali, na barabara nyembamba inazunguka kila kona ya mlima. Na wenye kuujua vema huuendea mwezi wa Juni, kabla ya joto na msongamano wa Agosti. Watu huvuka bahari na kutumia mali nyingi ili waone mlima ukikutana na maji namna ile. Sisi tulio Mahagi tunao mkutano wa jinsi hiyo karibu na nyumba zetu, na wengi wetu tumezeeka pasipo kuutazama, isipokuwa kwa haja ya samaki. Hilo hunihuzunisha, kwa maana ukuta huu wa nchi ni miongoni mwa maajabu ya Afrika: hapa ganda la dunia limekuwa likivutwa pande mbili kwa mamilioni ya miaka, kipande cha kati kikadidimia na kuwa bonde, maji yakajaa bondeni, na ukingo wa magharibi ukabaki umesimama kama tuuonavyo. Samuel Baker na mkewe Florence, walipolifikia ziwa kwa upande wa mashariki tarehe 14 Machi 1864, waliiona milima ya upande wetu ikiwa ya rangi ya buluu kwa mbali, na jina la Milima ya Buluu lingali katika ramani mpaka leo. Na aliyelizunguka ziwa zima kwa mara ya kwanza miongoni mwa wasafiri wa Ulaya, mwaka 1876, alikuwa Mwitalia, Romolo Gessi, akimtumikia Charles Gordon; basi huyo aliyetoka katika nchi ya miambao mizuri aliiona na hii yetu.

Sasa majira. Jua lile lile liwaleteao Waitalia kiangazi chao ndilo litupatialo sisi nafuu ya mvua, na jambo hili lastahili kuelezwa polepole. Mwezi wa Machi jua la adhuhuri husimama juu ya ikweta, kisha huelekea kaskazini hata tarehe 21 Juni au karibu yake, ambapo hufika mpaka wa mwendo wake, halafu hurejea. Nao ukanda wa mvua hulifuata nyuma, ukichelewa kwa majuma kadhaa. Mahagi iko digrii mbili na kitu kaskazini mwa ikweta, hivyo ukanda huo hutupitia mara mbili: mara moja ukipanda, kati ya Machi na Mei, na mara ya pili ukishuka, kuanzia Agosti hadi Novemba. Katikati, mnamo Juni na mwanzo wa Julai, mvua hulegea bila kukatika kabisa. Barabara hupata siku za kukauka, majani yangali mabichi, na hewa imekwisha kuoshwa vumbi na moshi, hata mtu akisimama juu ya ukingo huweza kuiona nchi ya Uganda ng'ambo ya maji. Wako wapendeleao Desemba hadi Februari, kwa sababu ndipo ardhi ikaukapo barabara, nami siwalaumu kwa upande wa gari. Lakini miezi hiyo mioto ya nyikani huijaza anga ukungu wa moshi, na aendaye kwa ajili ya mandhari hurudi hajaona ng'ambo. Mimi nachagua Juni. Wenye watoto shuleni huenda wakalazimika kungoja masomo yafungwe mwanzoni mwa Julai, na hapo wajue kwamba sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 Juni hujaza magari na nyumba za wageni.

Juu ya mavazi sina mengi. Kila mita 100 za kushuka huongeza joto zaidi ya nusu ya digrii, kwa hiyo aliyetoka Mahagi alfajiri amevaa sweta atakuta pwani joto lizidilo la kwao kwa digrii sita hivi, na usiku wa huko hatahitaji blanketi. Hewa inayoshuka ukutani hubanwa, ikapata joto na kukauka, ndiyo maana mtu huacha nyuma mikalitusi, kahawa na kabichi za nyanda za juu, zile ambazo kituo cha utafiti cha Nioka kimezishughulikia tangu enzi ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabelgiji, akaingia katika nchi ya miiba na mitupa, ambako mvua ni haba ingawa ziwa li mbele ya macho. Chukua kofia pana na nguo nyepesi zenye mikono mirefu. Kwa mikono hiyo utanishukuru jioni, mbu watokapo.

Katika pepo ndiko nitakapokaa kidogo, kwa kuwa ndiko watu wafiako. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupanda, na ile ya ziwani huja kuchukua mahali pake, hupanda ukuta wa milima, hupoa, na alasiri huangusha radi na mvua huko juu kwetu. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa kwanza, na hewa baridi ya nyanda za juu huteremka ukutani kama maji yatiririkayo paani, ikatoka kwa nguvu kuelekea ziwani. Ng'ambo ya Uganda nako pepo za barani hutoka kuja kati, nazo zikutanapo juu ya maji, ambayo bado yameshika joto la mchana, hewa husukumwa juu na tufani huzaliwa katikati ya ziwa, usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri. Ongeza hapo kwamba Ziwa Albert, lenye urefu wa kilomita 160 hivi, si la kina kikubwa: halizidi mita 60, ilhali Tanganyika lapita mita 1,400. Maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi, yaliyosimama na kufuatana upesi, ambayo hujaza mtumbwi kabla nahodha hajapata nafasi ya kuugeuza.

Kutokana na hayo, saa za salama kwa mgeni anayetaka kupanda chombo ni baina ya saa mbili na saa tano za asubuhi, pepo za usiku zikiwa zimelala na zile za mchana hazijapata nguvu. Usikubali kuondoka jioni kwa kuwa ati nauli ni rahisi, wala usiingie mtumbwi wa mota uliopakiwa magunia na watu hata ubao wa juu ukakaribia maji. Nao usemi kwamba wavuvi husafiri usiku kila siku si hoja kwako, kwani mvuvi hulijua wingu kwa kulitazama, na juu ya hayo wavuvi nao huzama. Dai jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, mtoto kwanza, na likikosekana, tazama ziwa ukiwa ufukoni. Hapo zamani palikuwa na vyombo vikubwa: meli Robert Coryndon, yenye kituo chake Butiaba upande wa Uganda, ilihudumia ziwa hili tangu miaka ya 1930, hata ilipozama papo hapo Butiaba mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za mwanzo wa muongo ule kuyapandisha maji. Kwamba pwani yetu haikupata tena usafiri wa kuaminika kama ule naona ni hasara iliyostahili kulipwa zamani, kwa wafanyabiashara na kwa wasafiri sawia.

Njia na hati zataka hadhari ya namna nyingine. Ajaye kutoka Bunia hupita barabara ya taifa namba 27, ikaribiayo kilomita 180, na sehemu yake kubwa hukata wilaya ya Djugu, ambako raia wameteswa na makundi ya silaha kwa miaka. Mkoa wote wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Habari za juma lililopita hazitoshi. Uliza siku ile ile ya kuondoka, kwa madereva waliolala njiani jana, kwa watu wa parokia, kwa chifu wa mahali. Na wakisema ngoja, ngoja, hata kama umekwisha kulipa. Anayetoka Mahagi yenyewe ana njia fupi zaidi, ila teremko la mwisho mvua ikinyesha huwa la utelezi, na dereva wa pikipiki aliyelizoea ni bora kuliko gari zuri lenye dereva mgeni. Chukua kadi ya mpiga kura au pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ikiwa wakusudia kuvuka mpaka wa Goli kuendelea Nebbi na Pakwach, mji ulio kando ya Nile baada ya mto huo kutoka ziwani. Ukivuka Goli, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, kwa maana Uganda hutumia saa ya Afrika Mashariki nasi twatumia ya Afrika ya Kati, ambayo, wakati wa kiangazi cha Ulaya, ni sawasawa na saa ya Roma.

Majini nako kuna mpaka, ijapokuwa hakuna jiwe wala mti wa kuuonyesha. Mwambao huu ulijadiliwa na mataifa ya Ulaya pasipo kuulizwa wenyeji: katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji ukanda wa nchi wa kufikia ziwa pamoja na bandari ya Mahagi, na Waalur, wenyeji wa hapa, wakajikuta, baada ya mipaka kutulia, ndugu hawa wako Kongo na wale wako Uganda. Tangu mafuta yalipogunduliwa upande wa Uganda mwaka 2006, askari wa doria wameongezeka, na mtumbwi uliopotea njia waweza kukamatwa pamoja na waliomo. Usipige picha za bandari wala za askari bila idhini.

Malazi pwani ni ya kadiri, na afadhali kumtuma mtu mbele kuliko kutumaini. Chagua nyumba iliyo juu ya mstari wa maji na mbali kidogo nao. Mwaka 2020 maji ya maziwa yetu yalipopanda, waliojenga ukingoni walihama. Chakula, kinyume chake, ni neema: sangara, ambaye wengi wetu twamwita kapiteni, ni mzaliwa wa ziwa hili, na ni kutoka hapa, miongoni mwa mahali pengine, alikochukuliwa kupandikizwa Victoria katika miaka ya 1950. Mle na bugali akiwa amevuliwa asubuhi ile, na ukitaka cha kupelekea nyumbani, makayabu, yaani samaki wa chumvi, husafiri vizuri. Wale wachanga wasiozidi kiganja waache. Kila awanunuaye anamtia moyo mwenye nyavu za matundu madogo, na ziwa limekwisha kulalamika vya kutosha.

Yamebaki maradhi, nayo siyapunguzi. Malaria ni nyingi pwani kuliko juu, basi lala ndani ya chandarua kila usiku, tangu usiku wa kwanza. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika vijiji vya ukingoni, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe, hata yale yaonekanayo safi. Kuoga ziwani kwavutia mno kwa joto lile, walakini kichocho cha tumbo kimeota mizizi kote mwambaoni: vijidudu hutoka katika konokono, kwa wingi zaidi jua liwapo la mchana, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Oga kwa maji yaliyochemshwa, au yaliyowekwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono, na watoto wasichezee kwenye majani ya ukingoni, ambako mamba na viboko nao hujificha. Ukirudi, panda mlima asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri kuikuta pikipiki yako teremkoni; na homa ikikushika katika majuma yafuatayo, mwambie daktari mara moja kwamba ulikuwa ziwani. Aliyeingia majini, hata kama hasikii maumivu yoyote, aende kupimwa choo baada ya majuma sita hadi nane, kwa kuwa kabla ya hapo mayai huenda yasionekane, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge na humezwa kwa siku moja.