Barua moja, mitego mitatu: tunaeleza filamu « Le crime était presque parfait »



Jumamosi moja jioni sisi wa kundi la gazeti hili tuliangalia filamu ya zamani katika chumba cha mikutano. Tulipotoka inje mabishano yakaanza palepale. Mmoja wetu alisema: « Ule mwanamuke njo mwenye makosa, juu alianza kutembea na mwanaume mwingine. » Mwingine akajibu: « Hapana! Mwenye makosa ni bwana yake, juu alitaka kumuua. » Wa tatu akauliza: « Na ule mwenye kuandika barua za kutisha, mbona hamumuseme? » Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza filamu hii polepole, kwa wale walioiona na kwa wale ambao hawajaiona. Ni filamu ya Wazungu, tena imetengenezwa zaidi ya miaka sabini iliyopita. Lakini jambo lililo ndani yake linatembea hapa kwetu Lubumbashi kila siku, ndani ya mifuko yetu.

1. FILAMU HII INATOKA WAPI?

Kwa Kiingereza inaitwa « Dial M for Murder ». Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunaijua kwa jina lililo juu ya makala haya, maana yake: kosa la kuua lilikuwa karibu kukamilika bila kasoro. Aliyeitengeneza ni Alfred Hitchcock, mtu wa London, aliyezaliwa mwaka wa 1899 na kufa mwaka wa 1980. Ilitoka mwaka wa 1954. Mwanamke anachezwa na Grace Kelly, yule aliyeolewa na mfalme mdogo wa Monaco mwaka wa 1956. Bwana yake anachezwa na Ray Milland.

Mbele ya kuwa filamu, hadithi hii ilikuwa teatro. Aliyeiandika ni Frederick Knott, na mwaka wa 1952 ilionyeshwa kwanza kwa televizyo ya Uingereza, kisha ikachezwa London na New York. Njo maana karibu mambo yote yanafanyika katika chumba kimoja tu cha kuketi. Mtu aliyezoea filamu za kukimbizana na magari anaweza kusema: « Hawa batu banaongea tu! » Lakini sisi wa Lubumbashi tumezoea michezo ya kundi la Mufwankolo, iliyopita kwa redio na kwa televizyo kwa Kiswahili chetu. Tunajua kwamba watu wawili ndani ya nyumba moja, na neno moja lililofichwa kati yao, wanatosha kutukaza kwenye kiti mpaka mwisho.

2. HADITHI YENYEWE

Tony Wendice alikuwa mchezaji wa tenisi. Bibi yake, Margot, ana mali nyingi, Tony hana. Siku ambazo Tony alikuwa akisafiri kwa michezo, Margot alimpenda mwanaume mwingine, Mmarekani anayeitwa Mark Halliday, mwandishi wa hadithi za polisi. Kisha Mark akarudi Marekani. Margot alichoma barua zake zote, ila moja tu. Ile aliificha ndani ya mkoba wake.

Siku moja mkoba ukaibiwa kwenye stasyo ya treni ya Victoria, mjini London. Baadaye mkoba ulipatikana, lakini barua haikuwamo. Kisha Margot akapokea maandiko yasiyo na jina: toa pauni 50, utarudishiwa barua yako. Margot akatuma feza. Barua haikurudi.

Filamu inaanza Mark akiwa amerudi London. Anamwambia Margot: tumwambie bwana yako ukweli. Margot anakataa. Anasema Tony amegeuka, ameacha tenisi, sasa ni bwana mwema.

Hapa njo tunajifunza jambo ambalo Margot halijui. Mwizi wa mkoba ni Tony mwenyewe. Mwandishi wa maandiko yale ni Tony mwenyewe. Alijua yote tangu siku nyingi, akanyamaza, akacheka na bibi yake mezani, na huku anapanga kumuua ili arizi mali yake.

Tony hataki kuua kwa mkono wake. Anamwita mtu aliyesoma naye zamani, Swann, mdanganyifu anayebadilisha majina na kula feza za wanawake. Tony amemfuata kwa siri muda mrefu, anajua maovu yake yote. Anamfanya aguse ile barua, ili alama za vidole zibaki juu yake. Kisha anampa njia mbili: ukubali kuua, nitakupa pauni 1000, ukikataa, nitasema kwa polisi kwamba wewe njo uliyeandika maandiko ya kumtisha bibi yangu. Swann anakubali.

Mpango ni huu. Tony ataficha ufunguo chini ya zulia la ngazi, inje ya mlango. Usiku, yeye akiwa kwenye karamu pamoja na Mark, Swann ataingia na kujificha nyuma ya pazia. Saa tano za usiku Tony atapiga simu nyumbani. Margot ataamka kujibu, na Swann atamkaba shingo.

Lakini saa ya Tony inasimama, na simu inachelewa. Hata hivyo Swann anatoka nyuma ya pazia na kumshika Margot. Margot anapigana, mkono wake unagusa makasi juu ya meza, anamchoma nayo mgongoni. Swann anaanguka, anakufa. Tony anasikia yote kwa simu.

Unafikiri Tony anatubu? Hata kidogo. Anarudi mbio, anachukua ufunguo katika mfuko wa marehemu na kuutia ndani ya mkoba wa bibi yake. Tena anaiweka ile barua juu ya maiti. Polisi wanaiona na kusema: kumbe Swann alikuwa anamtisha huyu mama kwa siri yake, na mama mwenyewe alimfungulia mlango ili amuue. Margot anahukumiwa kunyongwa, kwa maana wakati ule Uingereza ilikuwa bado inanyonga wauaji.

Kinachomwokoa ni kitu kidogo. Swann, mbele ya kuingia, alikuwa ameisha kurudisha ufunguo wa Tony chini ya zulia. Ufunguo uliokuwa mfukoni mwake ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Mkubwa wa polisi, Hubbard, anaona kwamba ufunguo ulio ndani ya mkoba wa Margot haufungui mlango wa Margot. Anamjaribu Margot kwanza: hajui kitu juu ya zulia. Kisha anamtega Tony asiwe na ufunguo wake. Tony anajaribu ule wa mkoba, unakataa. Anatembea kidogo, anafikiri, anarudi, anainua zulia. Anafungua mlango, na ndani anakuta polisi wanamngojea.

3. SHANTAJI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Neno shantaji tunalisikia sana hapa mjini: « Banamufanyia shantaji. » Maana yake ni kumtisha mtu kwa siri yake, ili atoe feza au afanye jambo asilolitaka. Hadithi inayotupata hapa inatusaidia kuona mashine hiyo ndani yake.

Tazameni ile barua. Ni karatasi moja, lakini imefanya kazi mara tatu. Kwanza ilimsumbua Margot na kumtoa feza. Pili ilimfunga Swann, kwa alama za vidole vyake. Tatu ilimhukumu Margot mbele ya wazee wa tribinali. Feza alizotuma hazikuipunguza nguvu hata kidogo. Anayelipa anafikiri ananunua siri yake. Kumbe anamwonyesha mwenzake paka jambo moja: kwamba anaogopa sana, na kwamba ana feza.

Jambo la pili: Margot alimficha Tony neno ambalo Tony alikuwa anajua. Alilipa ili bwana yake asijue, na aliyemwomba malipo ni yule bwana! Angemsikiliza Mark siku ile na kusema ukweli, hatusemi Tony angekuwa mtu mwema. Pengine angekasirika, pengine ndoa ingevunjika. Lakini barua ingepoteza meno yake. Polisi wasingeshangaa kuiona juu ya maiti, na Swann asingefungwa nayo.

Ni ajabu pia kwamba hadithi nyingine za namna hii zinarudi palepale. Mwaka ule ule wa 1954 Roberto Rossellini, Mwitalia, alitoa filamu « La paura », iliyotoka katika kitabu cha Stefan Zweig wa Austria: mwanamke aliyekosa katika ndoa anatishwa na mwanamke mwingine, na mwisho inajulikana kwamba bwana yake njo aliyepanga yote. Mwaka wa 1963 Wahindi nao walitoa « Gumrah », ya B. R. Chopra: mwanamke anayemtisha bibi wa nyumba ni sekretera wa bwana yake, ametumwa naye. Watunzi wa nchi tatu wameona jambo moja. Mara nyingi anayeshika kamba ya siri yako hatoki mbali.

4. BASI, NANI MWENYE KOSA?

Turudi kwa mabishano yetu. Margot alikosa, hatutaki kufunika jambo hilo. Alivunja ahadi ya ndoa. Kwetu pia watu wanasema « deuxième bureau » na kucheka, lakini ndani ya nyumba hakuna anayecheka: mama analia, watoto wanakosa minerval.

Lakini kosa la Margot halimpi Tony ruhusa. Mwenye kuonewa katika ndoa anaweza kusema, kuita wazee wa jamaa, kwenda kwa mchungaji, hata kwenda tribinali. Tony hakutafuta haki. Alichukua kosa la mwenzake akalifanya chombo cha kupata mali. Tunaosoma Biblia tunakumbuka 2 Samweli 11: Daudi alimchukua bibi wa Uria, na ili kuficha jambo hilo aliandika barua ya kumwua Uria, akampa Uria mwenyewe aipeleke. Uzinzi uliofichwa ulitafuta barua, na barua ikatafuta damu. Hitchcock hakuvumbua njia hii.

5. NA SISI, VIJANA WA LUBUMBASHI?

Leo karibu hakuna anayeficha barua ndani ya mkoba. Barua imekuwa foto au video ndani ya simu, na mwizi hahitaji kwenda kwenye stasyo. Mwaka jana dada mmoja tunayemjua, si wa masomo yetu, alimtumia kijana foto ambayo hakupaswa kuituma. Walipoachana, kijana akamwandikia: « Unipe feza. Kama hapana, foto itafika kwa baba yako. » Dada akatoa franka elfu kumi. Baada ya juma moja, kijana akataka elfu ishirini. Dada akauza viatu vyake, akadanganya mama yake, kisha akaacha kuja masomoni. Alikuwa darasa la mwisho, na egzame d'Eta ilikuwa karibu. Siku alipomwambia shangazi yake, shangazi alikwenda kwa jamaa ya yule kijana pamoja na wazee wawili, akiwa na simu yenye maandiko yote. Mambo yakaisha jioni ile. Baba alikasirika, ndiyo, lakini binti yake amerudi darasani.

Wenzetu, tukumbuke haya:

a) Usilipe, hata mara moja. Malipo ya kwanza yanaita ya pili.

b) Usifute maandiko ya kutisha. Njo ushahidi wako, kama ule ufunguo wa Hubbard.

c) Mwambie mtu mkubwa unayemwamini, siku ileile: mzazi, shangazi, mwalimu, mchungaji. Ukiwa peke yako, woga unakuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe.

d) Ukitumiwa foto ya aibu ya mwenzako, usiipeleke mbele. Anayeipitisha anamsaidia mwenye kutisha.

e) Ujue kwamba sheria iko upande wako. Kanuni ya makosa ya nchi yetu inaazibu kumtoa mtu feza kwa vitisho. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila asiyefikisha miaka 18. Na sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa pia wale wanaowasumbua wenzao kwa njia ya simu na kompyuta.

Na walimu wetu, tunawaomba neno moja kwa heshima. Mwanafunzi akija kwenu na jambo kama hili, msianze na fimbo ya maneno. Mumsikilize kwanza mpaka mwisho. Kosa lake mtalirekebisha kesho. Leo yuko mikononi mwa mtu mwingine, na amekuja kwenu kutafuta mlango.

Filamu tutaionyesha tena Jumamosi mbili zijazo, saa tisa. Mabishano yatafuata, na safari hii tumemwomba mlinzi asiharakishe kufunga.

Ni sisi wenzenu wa kundi la gazeti.