Kadi za picha za kuhamisha: kabla hujapokea oda, ulizia printa

Wale mnaouza kadi na kava za daftari mtandaoni, leo tuongelee kuhamisha picha iliyochapishwa kwenda kwenye karatasi nzuri kwa midiamu ya akriliki. Ni ile jeli nyeupe ya wachoraji, ikikauka inakuwa angavu kama plastiki nyembamba. Picha inanasia humo, karatasi ya juu unaitoa kwa maji, inabaki picha peke yake. Kadi inaonekana ya mkono kweli, na mteja anaona kwa nini bei yako siyo ya steshenari.

Kilichonigharimu mimi ni printa. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kadi 40 za sendofu, na advansi nilishaila. Nikachapisha picha bila kuuliza ni mashine gani. Kufika kwenye kulowesha, bibi harusi akayeyuka, akawa doa la zambarau. Zote 40! Nilirudisha hela ya watu.

Sababu ni hii: printa nyingi za wino zinatumia wino wa maji, ukilowesha unakimbia. Printa ya leza na fotokopi zinatumia tona, yaani unga wa plastiki uliogandishwa kwenye karatasi kwa joto. Tona haijali maji. Kwa hiyo ukifika kaunta sema unataka leza. Wakisitasita, lowesha kidole usugue ukingo wa picha. Ikichafuka, nenda kwingine. Karatasi iwe ya kawaida ya gramu 80, siyo ile ya kung'aa ya picha, maana hiyo maji hayapenyi. Na picha igeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo jina la bwana harusi litasomeka kinyumenyume. A4 moja inabeba picha nne za A6, usilipie karatasi nne.

Karatasi ya kupokea iwe nzito, gramu 200 kwenda juu. Ile ya rangi za maji ya gramu 300 haijikunji ovyo. Ila kumbuka printa haichapi rangi nyeupe. Penye weupe kwenye picha ndipo karatasi ya chini inapoonekana, kwa hiyo ukihamishia kwenye kaki, shela nayo inakuwa ya kaki. Wengine wanaipenda hiyo. Muulize mteja kwanza.

Paka jeli sawasawa pasibaki pakavu, laza picha kifudifudi ikiwa bado mbichi, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Jeli iliyochomoza ifute mapema, ikipanda mgongoni mwa picha maji hayataingia hapo. Halafu acha ikauke usiku mzima. Pwani kipindi cha masika mimi naongeza na mchana wake.

Sasa lowesha mgongo kwa sponji, subiri dakika moja au mbili, sugua taratibu kwa ncha za vidole. Karatasi itajiviringa na kutoka kama nongo. Ikikauka utaona ukungu mweupe umerudi, usiogope, ni nyuzi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, hata mara tatu. Ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja utatoboa uso wa mtu. Mwisho paka jeli nyembamba juu, ukungu uliobaki unapotea.

Msinidanganye na gundi nyeupe ya shule eti ni kitu kilekile. Ile ikikutana na maji inalainika, na kazi yote hapa ni maji.

Kwenye bei, hesabu siku, siyo karatasi tu. Mteja anayetaka kesho asubuhi mwambie ukweli kuwa haiwezekani.

Na kufunga mzigo: akriliki hata ikikauka, uso kwa uso kwenye joto la buti ya basi zinagandana, ukizibandua zinachuna. Weka karatasi ya kuokea keki kati ya kadi na kadi, na usifunge kitu ulichopaka jana.