Mtoto wa kamba hulelewa mikokoni

Je, msomaji, leo Jumapili umepanga kuwapikia jamaa zako kamba wa nazi? Kabla hujawatia sufuriani, hebu tuifuate safari yao, nawe utaona jinsi msitu wa mikoko unavyohusika na mlo wako.

Kamba hazaliwi mikokoni. Mama yake hutaga baharini, na kwa usiku mmoja anaweza kuachilia mayai laki kadhaa. Hayaatamii wala hayabebi. Mayai huanguliwa kabla ya siku moja kupita, na wanaotoka hubadilika umbo mara nyingi huku wakichukuliwa na mikondo. Baada ya wiki mbili tatu hivi, wakiwa wadogo kama punje ya mchele, maji yakijaa huwaingiza kwenye mahori na midomo ya mito.

Humo ndimo wanamolelewa. Mizizi ya mikoko huwaficha, maji ya tope huwafanya wasionekane kwa urahisi na samaki wakubwa, na chakula ni tele. Baada ya miezi michache hurudi baharini, nao wakataga.

Kaa ana malezi mengine. Jike hufumbata mayai chini ya tumbo hadi yawe tayari kuanguliwa. Kaa wengi wa mikokoni hungoja usiku wa maji ya bamvu, ndipo wakaachilia watoto, ili maji yanapokupwa yawachukue haraka hadi baharini, mbali na samaki wa horini.

Sasa hatari iko wapi? Iko katika chandarua cha mbu. Wako wanaokikokota horini wakitafuta uduvi. Uduvi ni mdogo hata akiwa mzima, lakini chandarua hakichagui. Katika rundo lile la uduvi huwamo watoto wa kamba ambao hawajataga hata mara moja.

Usidhani kwamba kwa kuwa mayai ni mengi, hasara ni ndogo. Wengi huangamia wangali baharini. Yule aliyefika mikokoni ni miongoni mwa wachache waliookoka, na kumvua hapo ni kuing'oa mbegu iliyokwisha kuota.

Hatari nyingine ni shoka. Huko Gazi, Kwale, mikoko mingi ilikatwa katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwandani. Lakini mwaka wa 1991 kazi ya kupanda upya ilianza, na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kamba wachanga huingia hata katika mililana iliyopandwa na watu. Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja.

Basi nawe una la kufanya. Ukienda sokoni ukaona fungu la kamba wachanga, liache, hata kama bei ni nafuu. Ukiishi karibu na hori, chandarua kibaki kitandani kuwakinga watoto wako na mbu. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hori likikosa mikoko, au likichotwa kila kilichomo, mwakani utakwenda sokoni na kikapu chako na kurudi nacho kitupu.