Mkoromo wa saa kumi alfajiri

Saa tatu usiku mtoto amelala, chandarua kimechomekwa. Mama anachungulia, anasikia kimkoromo, anatabasamu: "Kachoka huyu, mpira mchana kutwa." Anazima taa. Laiti angerudi saa kumi alfajiri.

Kuelekea mapambazuko usingizi wa ndoto hushamiri. Misuli ya koo hulegea, na njia ya hewa iliyokuwa nyembamba huziba. Kifua hubonyea ndani huku tumbo likiinuka. Kimya. Kisha mtoto anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu. Kwa mtu mzima pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikisimama kwa sekunde 10. Kwa mtoto, pumzi mbili zikirukwa zinatosha.

Tatizo hili la pumzi kukatika usingizini huwapata watoto 1 hadi 5 katika kila 100, hasa wa miaka 2 hadi 8, umri ambao tezi za koo na zile tunazoziita nyama za puani huwa kubwa kuliko nafasi iliyopo. Wanene na wenye selimundu wamo hatarini zaidi. Wapo wanaokimbilia kumkata mtoto kimeo. Kimeo hakina kosa hapa, na kisu hicho huacha damu na vidonda.

Mchana ugonjwa huvaa majina mengine: mtukutu, mzito darasani, kikojozi. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia. Mtoto aghalabu hurukaruka. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2012 unataka kila mtoto anayepelekwa kliniki aulizwe: anakoroma?

Shida ni kwamba daktari humwona mtoto akiwa macho. Usiku ni wa mzazi. Basi tega kengele ya simu alfajiri. Inua chandarua, shusha shuka, pandisha fulana taratibu, washa taa hafifu. Rekodi dakika mbili, kuanzia usoni hadi tumboni, sauti ikisikika. Usimwamshe, usimgeuze. Andika pia ni siku ngapi kwa wiki anakoroma; zikifika tatu, mpeleke akapimwe. Ukiona midomo imekuwa ya bluu, usisubiri kupambazuke.

Usidanganywe na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilichozagaa wakati wa korona. Kinaweza kusoma 97 usiku kucha huku usingizi ukikatwakatwa, kwa kuwa mtoto huzinduka kabla oksijeni haijashuka. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri vifaa vya kupimia nyumbani visitumike kuthibitisha ugonjwa huu kwa watoto. Video nayo haithibitishi. Inamwonyesha daktari pa kuanzia.

Wala si kila anayekoroma huishia kwenye kisu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye ugonjwa huu waligawanywa: wengine wakapasuliwa kuondolewa tezi za koo na nyama za puani, wengine wakasubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilirudi sawa kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na asilimia 46 ya waliosubiri. Kuchagua kati ya hayo mawili ni kazi ya daktari na mzazi, wakiitazama pamoja ile video ya alfajiri.